Chumba "chenye madirisha": -enye inasema nini, na inanyamazia nini

Tangazo lilikuwa la mstari mmoja: "Tunapangisha vyumba yenye madirisha matatu." Watu wawili walilisoma, kila mmoja akaondoka na lake. Wa kwanza alielewa kwamba vyumba ni vitatu na vyote vina madirisha. Wa pili alielewa kwamba kila chumba kina madirisha matatu. Nilipoombwa niamue, nikaona hata maana ya tatu inawezekana: vyumba viwili, kimoja kina madirisha mawili, kingine kina moja, jumla matatu. Mabishano yakapamba moto, na mwishowe mmoja akatoa kauli ambayo nimeisikia mara nyingi: kosa ni la Kiswahili chenyewe, maana hakina kivumishi cha kueleza chumba cha aina hiyo.

Kivumishi kipo, na sote tunakitumia kila siku. Ni -enye. Kinachotukwamisha ni kwamba wengi hatujui kinafanya kazi gani na kazi hiyo inaishia wapi.

Tuanze na majina. Kivumishi ni neno linaloieleza nomino: chumba kikubwa, chumba safi, chumba kile. Lugha nyingine huweza kuichukua nomino "dirisha", zikaipachika silabi moja au mbili mwishoni, ikageuka kuwa kivumishi cha neno moja. Kiswahili hakijengi hivyo. Huchukua shina -enye, hulivika kiambishi cha ngeli ya kitu kinachoelezwa, kisha hutaja kile ambacho kitu hicho kinacho: chumba chenye madirisha, ukumbi wenye madirisha, nyumba yenye madirisha, jengo lenye madirisha, mahali penye madirisha. Vitabu vya sarufi vya shule huiweka -enye katika kundi la vivumishi vya pekee, pamoja na -ote, -enyewe, -ingine na -o -ote.

Sifa yake kubwa ni kwamba haisimami peke yake. Sema "chumba kikubwa" unyamaze, umeeleweka. Sema "chumba chenye" unyamaze, msikilizaji atakutolea macho akisubiri. Ni kama mpini: una kazi pale tu unapotiwa jembe, shoka au panga. Methali zetu zimeuzoea mpini huu tangu zamani. Penye nia pana njia. Penye miti hapana wajenzi. Mwenye macho haambiwi tazama. Katika zote, -enye inakuja na mzigo wake mgongoni.

Sasa turudi kwenye tangazo, maana pale ndipo utamu ulipo.

Kiambishi kinachotangulia -enye si pambo. Kinaonyesha nani anaelezwa. Ki- ikikutana na -enye tunapata chenye. Vi- inatoa vyenye. Li- inatoa lenye. Zi- inatoa zenye. Pa- inatoa penye. Linganisha sentensi hizi mbili: "Nataka chumba cha jengo chenye madirisha" na "Nataka chumba cha jengo lenye madirisha." Herufi chache zimebadilika, na ombi lote limebadilika nazo. Katika ya kwanza, chumba ndicho kinachotakiwa kuwa na madirisha. Katika ya pili, jengo ndilo lenye madirisha, na chumba utakachopewa huenda kikawa cha katikati kabisa, ukuta pande zote nne. Atakayesaini mkataba kwa sentensi ya pili akitarajia ya kwanza hana wa kumlaumu.

Namba nazo hufuata utaratibu uleule. "Vyumba vyenye madirisha matatu" ni madirisha matatu, kwa sababu ma- ya matatu ni ya madirisha. "Vyumba vyenye madirisha vitatu" ni vyumba vitatu, kwa sababu vi- inarukia nyuma mpaka kwenye vyumba. Sentensi hii ya pili ni sahihi, ila inamchosha msomaji; macho yake yanafika kwenye "vitatu" na kulazimika kurudi kutafuta mwenyewe. Mwandishi anayemjali msomaji huisogeza namba karibu na nomino yake: vyumba vitatu vyenye madirisha. Vivyo hivyo kwa sifa nyingine: andika "chumba kikubwa chenye madirisha" kabla hujafikiria kuandika "chumba chenye madirisha kikubwa."

Kwa hiyo tangazo letu, kwa jinsi lilivyoandikwa, lilizungumzia madirisha matatu. Aliyedhani vyumba ni vitatu alikosea. Lakini hata aliyekuwa sahihi hakuwa na uhakika kama ni matatu kwa kila chumba au matatu kwa jumla, kwa sababu -enye ikiwa katika wingi haigawi. Hapa hakuna kiambishi kitakachokuokoa. Lazima useme: "kila chumba kina madirisha matatu", au "vyumba vyenye madirisha matatu kila kimoja." Maneno mawili ya ziada, na ubishi unaisha.

Na ile "yenye"? Tangazo lilisema "vyumba yenye", nasi husikia "chumba yenye", "watu yenye", "kitu yenye." Nadhani mazoea haya yana chanzo kinachoeleweka. "Yenye" ni sura ya -enye inayotumika katika ngeli kadhaa: nyumba yenye, miti yenye, madirisha yenye. I- inaizaa, ya- nayo inaizaa. Sikio likiisikia kila mahali, ulimi hudhani ndiyo ya kila mahali. Katika mazungumzo ya mijini nchini Kenya imepata hata kazi nyingine, ya kuunga vishazi: "nyumba yenye tuliona jana", kwa maana ya "nyumba tuliyoiona jana." Simdharau anayezungumza hivyo, anaelewana vizuri na wenzake, na lugha ya mazungumzo ina njia zake. Ila katika maandishi, hasa yanayohusu pesa, "yenye" ya jumla hukunyang'anya ule uwezo tuliouona kwenye chumba na jengo. "Chumba cha nyumba yenye madirisha": ikiwa yenye ni ya kila kitu, sijui tena ni chumba au ni nyumba.

Kuna dhana nyingine iliyoenea, kwamba -enye ni neno la umiliki, kwa hiyo haifai kwa vitu visivyo na uhai. Nimewahi kuulizwa kwa dhati kabisa: chumba kitamiliki vipi dirisha? Swali linatokana na "mwenye nyumba", "mwenye duka", "mwenye mali", ambako kweli kuna mmiliki. Lakini angalia "mwenye homa", "mwenye haraka", "mwenye njaa." Hakuna anayemiliki njaa. -enye inasema vitu viwili viko pamoja, basi. Ndivyo hata kitenzi chetu kilivyojengwa: "kuwa na" ni kuwa pamoja na. Chumba kina dirisha kwa maana kwamba chumba kipo na dirisha lipo naye... sivyo, lipo nacho. (Hata anayeandika kuhusu upatanisho huteleza, nimeliacha hapo makusudi ili lionekane jinsi sikio linavyoshtuka.)

Usichanganye pia "chenye" na "kina." Kwa juujuu zinafanana, lakini "kina" ni kauli iliyokamilika: Chumba kina madirisha mawili. Nukta. "Chumba chenye madirisha mawili" ni kundi la nomino linalosubiri kitenzi: kimepangishwa, kinanuka unyevu, ndicho ninachokitaka. Ndiyo maana "Chumba kina madirisha kinapangishwa" inakwaruza. Vitenzi viwili vinagombea kiti kimoja. Na "chenye na madirisha" ni kurudia kazi, kwa sababu ile "na" tayari imo ndani ya -enye.

Halafu kuna -a ya kuunganisha. "Chumba cha madirisha mawili" kinaeleweka, kama vile kiti cha miguu mitatu au nyumba ya ghorofa mbili. Hapo namba imekuwa jina la aina. Lakini ondoa namba useme "chumba cha dirisha", msikilizaji anaanza kujiuliza ni chumba cha kuhifadhia dirisha au nini. Mfano ninaoupenda ni wa kwenye basi au ndege. Unaomba "kiti cha dirishani", yaani kiti kilicho upande wa dirisha. Ukiomba "kiti chenye dirisha", kwa sarufi umeomba kiti ambacho chenyewe kimetobolewa dirisha. Mhudumu ataelewa kwa huruma yake. Kiambishi cha mahali, hiyo -ni ya dirishani, ndiyo iliyobeba maana ambayo -enye haiwezi kuibeba.

Na kuna mambo mawili ambayo -enye haiwezi kabisa. La kwanza ni kukanusha. Hakuna "chumba sichenye madirisha." Kukanusha kunamlazimu mtu ahame: chumba kisicho na madirisha, vyumba visivyo na madirisha, au kwa wepesi zaidi, chumba bila dirisha. La pili ni wakati. "Chenye" haina jana wala kesho. Ukitaka kusema madirisha yalikuwepo yakazibwa, sema chumba kilichokuwa na madirisha. Ukitaka kusema yatawekwa ujenzi ukikamilika, sema chumba kitakachokuwa na madirisha. Anayeuza nyumba ikiwa bado kwenye karatasi ya ramani akaandika "vyumba vyenye madirisha mapana", amekopa wakati uliopo kueleza kitu ambacho hakijapigiwa hata tofali.

Hapo sarufi imefika mwisho wake. Kinachobaki ni swali gumu zaidi: neno likishakuwa sahihi, limeahidi nini?

Niliwahi kupanga chumba kilichotangazwa kuwa "chenye dirisha." Dirisha lilikuwepo kweli. Nilipovuta pazia nikakuta kioo kimepakwa rangi nyeupe, na nyuma ya kioo kuna ukumbi wa ndani ambako wapangaji wengine walipita usiku na mchana, taa ikiwaka muda wote. Kitasa chake kilikuwa kimegandishwa na tabaka tatu za rangi, hakikuzunguka. Nilikaa pale miezi minne. Asubuhi nilijua kumekucha kwa saa, siyo kwa jua. Kila nilipolalamika nilijibiwa kwamba tangazo halikudanganya, na kisarufi halikudanganya. Chumba kilikuwa chenye dirisha.

Tangu hapo nimelichunguza neno "dirisha" kwa makini. Linatokana na Kiajemi, dariche, yaani mlango mdogo: dar ni mlango, na kipande cha mwisho ni cha kupunguza ukubwa. Kwa hao walioliunda, dirisha ni kijinjia, kitu cha kupita. Waskandinavia wa kale waliliona kwa namna nyingine. Neno lao vindauga lilimaanisha jicho la upepo, na ndilo lililozaa neno la Kiingereza, window. Ventana ya Kihispania nayo imetoka kwenye upepo. Kiswahili kina pia "roshani", sehemu ya ghorofani inayotokeza nje, na asili yake ni Kiajemi kwa maana ya mwangaza. Na "shubaka", ambalo kwetu limekuwa tundu au kijidaka ukutani, kwa Kiarabu ni dirisha lenyewe. Njia, upepo, mwangaza. Kila lugha ilishika faida moja ya kile kitu ikakipa jina. Dirisha la chumba changu halikutoa hata moja kati ya hizo tatu, na bado lilistahili jina.

Serikali nazo zimewahi kuumiza vichwa juu ya jambo hili. Uingereza ilianza kutoza kodi ya madirisha mwaka 1696 na haikuifuta hadi 1851. Nyumba yenye madirisha mengi ililipa zaidi, kwa dhana kwamba mwenye madirisha mengi ana uwezo. Watu wakafanya lile ambalo mtu yeyote angelifanya: wakayaziba kwa matofali. Mpaka leo yapo majengo ya kale huko yenye fremu kamili za dirisha ukutani na matofali matupu ndani yake. Ufaransa ilikuwa na kodi ya milango na madirisha kuanzia 1798 hadi 1926. Katika nchi zote mbili maskini ndiye aliyeishia gizani. Kodi ilihesabu dirisha kama kitu, na watu wakapoteza mwanga na hewa, ambavyo ndivyo vilivyofanya dirisha liwe na thamani tangu mwanzo.

Wataalamu wa ujenzi wa siku hizi wamejifunza kuuliza swali tofauti. Hawatosheki na "lipo au halipo." Chukua kanuni kielelezo za nyumba za makazi zinazotumika sana Marekani: kwa kawaida chumba cha kuishi kinatakiwa kuwa na eneo la kioo lisilopungua asilimia 8 ya eneo la sakafu, na sehemu inayofunguka isiyopungua asilimia 4, isipokuwa pale mashine za hewa na taa zinaporuhusiwa kuchukua nafasi hiyo. Kwa chumba cha mita za mraba 12, hiyo ni kioo cha karibu mita moja ya mraba, na nusu yake iwe inafunguka. Angalia walivyotenganisha mambo mawili ambayo sisi huyafunga katika neno moja. Kioo ni kwa ajili ya mwanga, kufunguka ni kwa ajili ya hewa. Kwa chumba cha kulala wanaongeza la tatu: pawepo tundu la kutosha mtu mzima kutokea moto ukizuka mlangoni. Yule mlango mdogo wa Kiajemi umerudi.

Mahali dirisha lilipo kuna uzito kuliko wengi tunavyofikiri. Dhana kwamba madirisha mawili huleta hewa maradufu ni ya kuaminiwa kwa tahadhari. Yakiwa ukuta mmoja, hewa huingia na kutoka palepale, na ndani zaidi ya chumba panabaki pazito. Wasanifu majengo hukadiria kwamba hewa ya dirisha la upande mmoja hufika umbali wa karibu mara mbili ya kimo cha dari. Madirisha yakitazamana, upepo hupita toka upande hadi upande, na kipimo hicho hufika hadi mara tano. Dari ikiwa na mita 3, ni tofauti ya mita 6 na mita 15. "Chumba chenye madirisha mawili" ni maelezo ya vyumba vyote viwili hivyo, kile unachopumua vizuri na kile unachoamka na kichwa kizito.

Ndiyo maana siku hizi ninapohariri maelezo ya chumba, sigusi "chenye" ikiwa imepatana. Ninaliuliza dirisha lake maswali. Linatazama wapi: nje, ukumbini, au ukuta wa jirani? Linafunguka? Ukubwa wake ni kiasi gani ukilinganisha na chumba? Majibu yakipatikana, Kiswahili kinayapokea bila shida yoyote. Kuna dirisha linalofunguka na dirisha lisilofunguka, dirisha la vioo na dirisha la mbao, dirisha linalotazama nje, dirisha la juu la kupitishia hewa. Kuna chumba chenye mwanga, na chumba chenye kupitisha hewa, ambapo -enye imebeba kitenzi badala ya nomino, jambo inaloliweza vizuri lakini tunalitumia kwa nadra.

Utumizi mmoja unaohitaji tahadhari ni ule wa dirisha lisilo la ukutani. Kila msimu tunasikia "dirisha dogo la usajili" kwenye soka, na kwenye kompyuta tunafungua na kufunga madirisha kutwa nzima. Maana hizi ni halali na zimekwishazoeleka, na zote zinatoka kwenye tundu lile lile linalofunguka na kufungwa. Lakini anayefasiri maelekezo ya programu akikutana na "modi yenye dirisha" afahamu kwamba msomaji hataona lolote. Ni bora aseme programu inafunguka ndani ya dirisha, haijazi kioo chote. Hapo programu ndiyo iliyo ndani ya dirisha, dirisha halimo ndani ya programu, na -enye imeelekezwa kinyume.

Nilimpigia simu mwenye lile tangazo la mwanzo, nikamuuliza. Vyumba vilikuwa viwili. Cha mbele kina madirisha mawili yaliyo kwenye kuta zinazotazamana, yote yanafunguka. Cha nyuma kina dirisha moja dogo, juu karibu na dari, na lenyewe halifunguki. Alikuwa amejumlisha tu, bila nia mbaya. Tangazo jipya linasema: "Tunapangisha vyumba viwili. Cha mbele kina madirisha mawili yanayofunguka na kutazamana. Cha nyuma kina dirisha dogo la juu, la mwanga tu, halifunguki." Chumba cha nyuma kilichukuliwa wiki ileile, na mtu anayefanya kazi usiku na kulala mchana.